Msasa Hauponyi Riwaya

Mwandishi amempa muswada wake msomaji anayeijua kazi, naye amerudishiwa pamoja na kurasa kadhaa za maoni. Maoni yanasema, kwa adabu lakini bila kuficha, kwamba hadithi inaanza karibu na katikati ya kitabu, kwamba anayesimulia siye aliyestahili kusimulia, na kwamba mhusika mkuu anatendewa mambo toka sura ya kwanza hadi ya mwisho bila yeye kuamua lolote. Zinapita siku za ukimya, kisha linakuja swali ambalo kila mhariri wa riwaya amelisikia hadi limemchosha: "Je, nikiupiga msasa, utafaa?" Wengine hulivisha nguo tofauti. Wanauliza ni nani anayehariri lugha vizuri na anatoza shilingi ngapi kwa ukurasa, au kama wakiongeza methali na tamathali kidogo kitabu hakitachangamka. Swali ni lile lile, na jibu lake ni hapana. Seremala hupiga msasa mlango uliokwisha kuenea kwenye fremu. Mlango uliokatwa mfupi hauongezeki urefu kwa kusuguliwa.

Imani hii kwamba msasa unatosha haikuzuka tu. Tumefundishwa. Darasani riwaya huchambuliwa kwa fani na maudhui, na chini ya fani mwanafunzi huorodhesha tashibiha, tashihisi, methali na misemo, kila moja na mfano wake na ukurasa wake. Mtihani unampa alama kwa orodha hiyo. Ni mara chache mno anapoulizwa kwa nini mwandishi alifungua kisa siku ile na si siku nyingine, au kisa kingegeuka nini kama kingesimuliwa na mke badala ya mume. Akikua na kuandika riwaya yake, anaijaza vile alivyozoea kuvihesabu, na akiambiwa kazi haijasimama anadhani vimepungua. Ongeza juu ya hapo heshima kubwa, na ya haki, tuliyo nayo kwa Kiswahili kizuri, na utaona kwa nini mtu anakimbilia kwa mhariri wa lugha kabla ya kuisoma barua ya maoni mara ya pili. Hata ithibati ya lugha kutoka BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), ambayo waandishi wengine huishika kama cheti cha kitabu kizima, inazungumzia lugha. Haimwambii mtu kama sura zake nane za mwanzo zina kazi yoyote.

Tatizo la msasa si kwamba ni kazi ndogo. Ni kwamba unafanywa mahali ambapo ugonjwa haupo. Sentensi ya riwaya ni matokeo ya maamuzi yaliyotangulia: nani anaona, anajua kiasi gani, anataka nini, tunamkuta saa ngapi ya maisha yake. Uamuzi mmoja kati ya hayo ukibadilika, sentensi zilizozaliwa nao zinakufa, ziwe nzuri au mbaya. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa Harper Lee wa Marekani. Mwaka 1957 muswada wake ulifika kwa mhariri Tay Hohoff katika kampuni ya J. B. Lippincott. Ulimhusu Jean Louise, mwanamke wa miaka 26 anayerudi Maycomb kutoka New York na kugundua kwamba baba yake, Atticus, si mtu aliyemdhania. Mhariri aliona kwamba uhai wa kitabu ulikuwa katika vipande vya kumbukumbu za utoto, akamshawishi mwandishi aandike kitabu kingine kwa macho ya mtoto yule. Kazi ilichukua takribani miaka miwili, na matokeo yake ni To Kill a Mockingbird, iliyotoka 1960 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Muswada wa awali ulichapishwa 2015 kwa jina la Go Set a Watchman, kwa hiyo hatuhitaji kukisia. Vitabu vyote viwili viko mezani na mtu anaweza kuvilinganisha.

Kuna jambo moja katika ulinganisho huo linalostahili kukaliwa kwa muda. Kesi ya mtu mweusi anayesingiziwa ubakaji, ambayo kwa msomaji wa leo ndiyo moyo wa Mockingbird, katika muswada wa kwanza inapita kwa maelezo mafupi tu, kama kitu cha zamani anachokikumbuka Jean Louise, na mshtakiwa huyo aliachiwa huru. Katika riwaya iliyochapishwa kesi imekuwa sura baada ya sura, na mshtakiwa anahukumiwa ingawa kila aliyesikiliza ushahidi anajua hana hatia. Sasa mfikirie mhariri wa lugha, hodari kuliko wote, akipewa muswada ule wa 1957. Angeyasafisha maelezo yale mafupi, akarekebisha alama za uakifishi, akayaacha yabaki mafupi. Hukumu ingebaki ile ile. Hakuna kanuni ya sarufi inayoweza kumwambia mwandishi kwamba aya moja ndiyo kitabu na kitabu chote kilichobaki ni njia ya kuifikia. Na bado Lee hakutupa kila kitu: Maycomb ilibaki, Atticus alibaki, hata maelezo fulani ya mji na watu wake yanafanana karibu neno kwa neno katika vitabu vyote viwili. Kilichohama ni ujuzi wake juu ya watu wale, na ujuzi huo haukai ndani ya faili la kompyuta hata ulilie faili.

Atakuja mtu aseme kwamba huyo alikuwa mwanagenzi, na kwamba mwenye lugha iliyokomaa hawezi kukutwa na haya. Basi tumtazame Gustave Flaubert wa Ufaransa, ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa uzembe wa sentensi. Septemba 1849 aliwaita rafiki zake wawili, Louis Bouilhet na Maxime Du Camp, akawasomea kwa sauti, siku nne mfululizo, toleo la kwanza la kitabu chake juu ya majaribu ya Mtakatifu Antonio. Alipomaliza walimshauri akitupe motoni na asikizungumzie tena. Kwa masimulizi ya Du Camp, tatizo waliloliona lilikuwa wingi wa maneno ya fahari bila kisa cha kuyabeba, wakamtaka achague jambo la maisha ya kawaida. Flaubert aliumia sana. Akasafiri hadi Misri na nchi za Mashariki, akarudi, na Septemba 1851 akaanza Madame Bovary, iliyomchukua karibu miaka mitano. Kile kitabu cha Antonio hakukiacha moja kwa moja. Alikirudia kwa matoleo mengine mawili na kukichapisha 1874. Ikiwa lugha ingetosha kuiokoa kazi, ya Flaubert ingeokoka jioni ile ile ya siku ya nne.

Pingamizi zito zaidi ni hili: riwaya ni sanaa ya lugha, kwa hiyo anayeitenga lugha na hadithi ameipasua sanaa vipande. Nakubali sehemu yake ya kwanza. Mwanzo mpya wa riwaya ni kazi ya lugha kuanzia neno la kwanza, kwa sababu msimulizi mpya ana sauti yake, na sauti hiyo haipatikani kwa kugeuza "alikwenda" kuwa "nilikwenda" ukurasa baada ya ukurasa. Lakini hoja hiyo hiyo inaupinga msasa. Kama lugha na hadithi ni mwili mmoja, basi lugha ya hadithi iliyokosea haiwezi kuwa sahihi, hata ikimeremeta. Itazame Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971. Lugha yake ni nyepesi, haijirembi. Nguvu yake inatokana na mpangilio: ukali wa Zakaria kwa binti yake umewekwa mapema, kiasi kwamba kila kinachompata Rosa baadaye, shuleni na chuoni, kina mzizi unaoonekana. Uhamishe ukali huo hadi katikati ya kitabu, uache kila sentensi kama ilivyo, na utabaki na mlolongo wa matukio ya aibu yasiyo na sababu.

Wapo wanaoogopa kwamba kuandika upya kunaua pumzi ya kwanza, na mfano wao ni Jack Kerouac, aliyeipiga chapa On the Road kwa wiki tatu za Aprili 1951 juu ya karatasi ndefu iliyoungwa. Wanasahau kwamba alikuwa na madaftari na majaribio ya miaka kadhaa kabla ya wiki hizo, na kwamba kitabu kilitoka 1957 baada ya marekebisho. Wapo pia wanaosema msomaji mmoja si mahakama, nao wana haki, nitalirudia hilo. Wengine wanashikilia sifa walizokwisha kupewa. Hao nawaomba wamfikirie Chinua Achebe. Mwaka 1956 akiwa London katika mafunzo ya BBC, muswada wake ulisomwa na Gilbert Phelps, mwandishi aliyefanya kazi huko, akaupenda na kutaka kuupeleka kwa wachapishaji. Achebe alikataa kwanza. Aliona mwenyewe kwamba kitabu kilichobeba vizazi vitatu, baba, mwana na mjukuu, kilikuwa kimemtendea kila mmoja wao nusunusu. Akarudi Nigeria, akabaki na kizazi cha kwanza peke yake na kukiandika upya. Ndicho kitabu tunachokijua kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, kilichotoka kwa Kiingereza 1958. Mjukuu alipata riwaya yake 1960. Yule wa katikati hakupata ya kwake kamwe.

Msasa una madhara mengine, na ndiyo sababu siwezi kuunyamazia. Ukurasa uliosuguliwa mara kumi unakuwa mgumu kuuacha kuliko ulioandikwa mara moja, kwa hiyo kila msasa unamfunga mwandishi zaidi kwenye uamuzi uleule uliomponza. Na muswada uliosafishwa unamdanganya msomaji anayefuata: anaona kazi safi, anasita kusema kwamba nyumba nzima imejengwa kwenye kiwanja cha jirani, anaishia kusahihisha vistari. Hilo linagharimu pesa halisi, nyingi, kwa watu ambao mara nyingi wamezikopa. Siku hizi wengine wanaupeleka muswada kwenye programu za akili unde na kuziamuru ziandike upya. Programu zitafanya kile kile, kwa kasi: zitalainisha sentensi za kitabu ambacho mwenyewe hajaamua ni cha nani.

Sasa mambo ya kufanya. Kwanza hakikisha kweli unahitaji kuanza upya. Charles Dickens alibadili mwisho tu wa Great Expectations mwaka 1861 kwa ushauri wa rafiki yake Bulwer-Lytton, na wewe huenda kasoro yako ni ya sura mbili. Tafuta wasomaji wengine wawili wasiojuana, na usiwaambie wa kwanza alisema nini. Wakikwama mahali pamoja, amini mahali hapo. Dawa wanazopendekeza waweza kuzikataa zote. Uweke muswada kando kwa wiki kadhaa. Andika nusu ukurasa tu: hadithi ni ya nani, anataka nini, anakosea wapi, inaanza siku gani. Ukishindwa kuijaza, hujawa tayari. Jaribu sura moja tu kwa msimulizi mpya kabla ya kuahidi kitabu kizima. Ukianza, anza kwenye faili tupu, la zamani likiwa limefungwa. Usinakili na kubandika, na aya usiyoweza kuikumbuka iache ilale. Usichome kitu. Dostoyevsky anaandika kwamba mwishoni mwa Novemba 1865 aliichoma riwaya iliyokuwa imeandikwa sehemu kubwa, akaanza upya kwa umbo jipya, na sehemu ya kwanza ya Uhalifu na Adhabu ikatoka jaridani Januari 1866. Lakini madaftari yake yalibaki, na yako hadi leo. Ukiona huna tena hamu na kisa hicho, andika kitabu kingine, nacho hicho ni chaguo halali. Tarehe ya mwisho ya tuzo ikikukaribia, iache ipite. Na mhariri wa lugha mlipe mwishoni kabisa, baada ya msomaji mmoja ambaye hakuiona rasimu ya zamani kuusoma muswada mpya hadi ukurasa wa mwisho bila kukuuliza huyu ni nani na anataka nini.