Simu ya Bili ya Hospitali: Thibitisha Kwanza Kabla ya Kutuma Pesa

Simu inalia saa mbili usiku. Anayepiga anamtaja mgonjwa kwa majina yake kamili na wodi aliyolazwa, kisha anasema: "Mama, pole na ugonjwa. Hapa ni ofisi ya bili. Daktari ameagiza mgonjwa wako apigwe picha ya skani usiku huu kabla ya upasuaji. Kunahitajika shilingi 8,500. Tuma kwa hii nambari yangu, risiti utaikuta asubuhi."

Mama huyo ametoka wodini jioni hiyo hiyo na anajua hali ya mgonjwa ni mbaya. Anakopa kwa jirani na kutuma. Asubuhi anapofika kwenye dirisha la malipo, keshia hana habari ya pesa hizo, na daktari hakuwa ameagiza skani yoyote.

Hivyo ndivyo ulaghai wa aina hii unavyoendeshwa. Hata hivyo, si kila simu ya bili ni ya tapeli. Ofisi za fedha za hospitali huwapigia watu kwa sababu za haki: salio lililobaki baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, stakabadhi inayokosekana kwenye faili, au huduma ambayo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) haikuilipia yote. Anayepuuza simu zote anaweza kuacha deni la kweli bila kulishughulikia, na anayeziamini zote anaweza kuibiwa. Kwa hivyo mwananchi anashauriwa kufuata kanuni moja kwa simu zote mbili: asilipe chochote kwa maagizo ya simu asiyoitarajia, hadi athibitishe na hospitali kwa njia anayoijua mwenyewe.

Matapeli hupata wapi habari za mgonjwa?

Wengi hudanganyika kwa sababu anayepiga anajua mambo ambayo wanadhani ni hospitali pekee inayoyajua. Lakini habari hizo hupatikana kwa njia nyingi. Mtu huketi kwenye benchi la wageni akasikiliza familia zikizungumza. Mwingine husoma jina kwenye karatasi iliyoachwa ovyo. Wakati mwingine mtu wa ndani huvujisha nambari za simu.

Njia iliyo rahisi zaidi ni tangazo la mchango. Familia inapoomba msaada kwenye WhatsApp au Facebook, mara nyingi huweka picha ya mgonjwa, jina lake, ugonjwa wake, hospitali, wodi, kiasi cha bili na nambari ya mweka hazina. Tangazo hilo likisambazwa kwa vikundi kadhaa, tapeli anapata kila anachohitaji bila hata kukanyaga hospitalini.

Familia inaweza kuchangisha bila kujianika. Inatosha kutaja jina na hospitali, na kuwaachia jamaa na marafiki wa karibu habari za wodi na kiasi cha bili. Ni vyema pia nambari ya mchango isiwe ya mtu yule yule anayewasiliana na hospitali.

Dalili za kutiliwa shaka

Haraka ni dalili ya kwanza. Tapeli hataki msikilizaji apate nafasi ya kumuuliza mtu mwingine, kwa hivyo humtisha kwamba mgonjwa hatatibiwa usiku huo asipotuma pesa. Mwananchi akumbuke kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Dalili ya pili ni kutakiwa kutuma pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Malipo ya hospitali ya umma huingia kwenye akaunti ya hospitali au ya kaunti, kwa nambari ya Paybill iliyobandikwa kwenye dirisha la malipo, na hutolewa risiti.

Dalili ya tatu ni kuulizwa PIN ya M-Pesa, au kutakiwa kusoma tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe mfupi. Hakuna ofisi ya bili inayohitaji PIN ya mtu. Nazo tarakimu za uthibitisho zikisomewa mtu asiyejulikana, zinaweza kumfungulia akaunti ya mwenye simu, au kutumiwa kudai malipo ya matibabu ambayo mgonjwa hakuyapata.

Dalili ya nne ni bili isiyolingana na huduma. Kwa mkazi aliyejiandikisha na SHA, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma vya ngazi ya 2 na ya 3 hugharimiwa na Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi. Simu inayodai maelfu ya shilingi kwa sababu mtoto alitibiwa homa katika zahanati inahitaji kuulizwa maswali.

Nambari yenyewe haitoshi kuwa ushahidi. Afisa halali anaweza kupiga kwa simu ya kawaida ya mkononi, na tapeli anaweza kujisajili kwa jina la hospitali kwenye programu zinazoonyesha majina ya wapigaji.

La kufanya simu inapoingia

1. Sikiliza na uandike. Uliza jina la anayepiga, idara yake, nambari ya bili, tarehe ya huduma na kiasi kinachodaiwa. Afisa wa kweli hatakasirika kwa kuulizwa.

2. Usimsaidie kwa majibu. Akiuliza, "Mgonjwa wako ni nani vile?" mwache ataje mwenyewe. Usimpe nambari ya kitambulisho, ya SHA wala tarehe ya kuzaliwa.

3. Kata simu kwa heshima. Maneno haya yanatosha: "Asante, nitathibitisha na hospitali kisha nitashughulikia."

4. Thibitisha kwa njia yako. Piga nambari iliyo kwenye risiti au karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, au fika kwenye dirisha la malipo. Usiipigie nambari uliyopewa na mtu yule yule. Usiku, piga simu wodini au mwombe jamaa aliyeko hospitalini amuulize muuguzi wa zamu. Kama kweli kuna kipimo kilichoagizwa, muuguzi atakiona kwenye faili.

5. Unapolipa, soma jina la anayepokea linapojitokeza kwenye simu. Likiwa la mtu badala ya hospitali au kaunti, simama hapo. Weka ujumbe wa M-Pesa na risiti pamoja.

Deni likithibitishwa kuwa la kweli

Kuthibitisha kwamba bili ni ya kweli hakumaanishi kwamba kila shilingi iliyoandikwa ni sahihi. Mgonjwa ana haki ya kuomba bili iliyochanganuliwa, inayoonyesha siku za kulazwa, vipimo, dawa na ada ya upasuaji, kila kimoja kwa bei yake. Ailinganishe na karatasi ya kuruhusiwa. Siku iliyoongezwa au dawa ambayo familia ilijinunulia nje ni mambo ya kuuliza pale pale.

Jambo la pili ni kuangalia sehemu iliyolipwa na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Mgonjwa anayelazwa hulipiwa na Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii ikiwa michango yake imelipwa, kwa viwango vilivyowekwa, na huenda salio likabaki. Kujiandikisha peke yake hakutoshi kwa huduma za kulazwa. Anayetaka kujua kama yuko sawa anaweza kupiga *147# au kuuliza kwenye dawati la SHA hospitalini. Kama michango ilikuwa imelipwa na bado bili haionyeshi punguzo lolote, aombe dawati hilo lieleze kwa nini, kabla ya kulipa kutoka mfukoni.

Asiye na uwezo wa kulipa asijifiche wala kuzima simu. Amwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Afisa huyo husikiliza hali ya familia, na anaweza kupendekeza mpango wa kulipa kidogo kidogo au ombi la kusamehewa sehemu ya bili. Ni vizuri kwenda na kitambulisho, bili, na barua ya chifu inayoeleza hali ya nyumbani. Ombi husikilizwa kwa urahisi zaidi likitolewa mapema, mgonjwa akiwa bado wodini. Makubaliano yoyote yaandikwe, na mgonjwa abaki na nakala.

Pesa zikiwa tayari zimetumwa

Kila dakika ina maana, kwa sababu tapeli hutoa pesa upesi. Aliyetuma kwa M-Pesa kwenda nambari ya mtu asambaze ujumbe wa muamala huo kwa 456 kuomba urejeshewe. Zikiwa bado hazijatolewa, kuna nafasi ya kuziokoa. Ujumbe mfupi wa ulaghai hutumwa kwa 333 bila malipo kwa wateja wa Safaricom.

Kisha aripoti katika kituo cha polisi na kupewa nambari ya OB, au aipigie Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) bila malipo kupitia 0800 722 203. Asifute simu wala ujumbe wowote, kwani huo ndio ushahidi.

Hospitali nayo iarifiwe, hasa ikiwa anayepiga alijua mambo yaliyo kwenye faili. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti, na kuvujishwa kwake kunaweza kulalamikiwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kuona aibu na kunyamaza humpa tapeli nafasi ya kuipigia familia ya kitanda kinachofuata.

Kwa familia yenye mgonjwa leo

Siku mgonjwa anapolazwa, familia imchague mtu mmoja wa kushughulikia bili. Apewe nambari ya wodi na ya ofisi ya fedha, na wengine wote waelezwe kwamba simu yoyote ya kudai pesa ipelekwe kwake, hata ikiingia usiku wa manane. Waambiwe hasa wazee walio nyumbani mashambani, kwa kuwa wao ndio hutuma haraka wanaposikia mtoto wao yuko hatarini. Aliyeteuliwa atapiga simu wodini, atauliza, na ndipo pesa zitatoka.