Mwaka wa Maandalizi kwa Anayetaka Kusomea Saikolojia

Wapo wazazi wa Ufipa, kuanzia Laela hadi Matai, wanaouza magunia ya mahindi ili kumsomesha mtoto aliyekosa pointi 4.0 za kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza. Kozi ya maandalizi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo mjini Sumbawanga, ni njia halali. Hata hivyo, haimfai kila mtu, na hapo ndipo fedha hupotea.

Cheti cha kozi hiyo pekee hakitoshi. Mwombaji hutakiwa kupata GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, na daraja C au zaidi katika masomo matatu ya kundi lake: Sanaa, Sayansi au Biashara. Juu ya hayo, awe na angalau pointi 1.5 za kidato cha sita katika masomo mawili (E moja na S moja zatosha), au stashahada yenye GPA isiyopungua 2.0, au cheti cha NTA ngazi ya 5. Aliyeishia kidato cha nne bila mojawapo ya hivyo asilipe hata shilingi. Aanzie ngazi ya cheti.

Kabla ya kuchagua kundi, soma Mwongozo wa Udahili wa TCU, kwani masharti ya shahada hutofautiana. Wengi huiendea saikolojia wakidhani ni kushauri tu, kumbe takwimu ni sehemu kubwa ya masomo yake.

Ada ilipwe kwa kumbukumbu namba iliyotolewa na chuo chenyewe, kamwe si kwa simu ya wakala.