Chakula cha Mbwa Kisicho na Nafaka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadilisha Mlo

Katika shehia nyingi za Unguja, mbwa hula ugali wa mahindi au wali wa chenga uliochanganywa na dagaa, vichwa vya samaki au mabaki ya jikoni. Hivyo ndivyo wanavyolishwa mbwa wanaolinda mashamba na mabanda ya kuku, na ndivyo walivyolishwa mbwa wa wasasi waliotumika kwa miaka mingi kuwafukuza nguruwe mwitu na kima wanaoharibu mazao. Kwa upande mwingine, baadhi ya vyakula vya viwandani vinavyotoka nje ya nchi huuzwa kwa sifa ya kutokuwa na ngano, mahindi wala mchele. Mfugaji anayeisoma sifa hiyo ana haki ya kujiuliza iwapo ugali anaoupika kila jioni unamdhuru mnyama wake.

Jibu ni kwamba nafaka safi, iliyopikwa vizuri, haimdhuru mbwa mwenye afya. Yanayomdhuru ni mambo mawili: nafaka iliyoota ukungu, na mlo uliojaa wanga bila ya protini ya kutosha. Mfugaji akiyaelewa mambo hayo mawili, ataweza kuamua kwa busara iwapo anahitaji kuondoa nafaka au kurekebisha namna anavyoinunua, anavyoihifadhi na anavyoichanganya.

Je, mbwa anaweza kumeng'enya nafaka?

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya nafaka ni kwamba mbwa ana asili moja na mbwa mwitu wa nchi za baridi, mnyama anayeishi kwa kuwinda. Asili hiyo ni ya kweli, lakini mbwa wa nyumbani amebadilika tangu alipoanza kuishi na binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulilinganisha jeni za wanyama hao wawili. Ilionekana kwamba mbwa mwitu ana nakala 2 tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, wakati mbwa wa nyumbani ana nakala kati ya 4 na 30. Watafiti walieleza kuwa badiliko hilo lilimwezesha mbwa kustawi kwa mabaki ya chakula cha wakulima.

Ni kweli pia kwamba mbwa aliyekomaa anaweza kuishi bila ya wanga iwapo anapata protini na mafuta ya kutosha. Hata hivyo, kutokuwa cha lazima si sawa na kuwa sumu. Wanga uliopikwa ni chanzo cha nguvu cha bei nafuu. Ulio mbichi, kama vile unga uliokorogwa kwa maji tu, humeng'enywa kwa shida na huweza kumletea mbwa gesi na kuharisha.

Muwasho na mzio

Sababu nyengine inayowafanya wafugaji wakimbilie chakula kisicho na nafaka ni mbwa anayejikuna na kupukutika manyoya. Mzio wa chakula upo, lakini mara nyingi chanzo chake si nafaka. Uchambuzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya taarifa za mbwa 297 wenye mzio wa chakula, ulionesha kuwa nyama ya ng'ombe ilihusika kwa asilimia 34, maziwa kwa asilimia 17, kuku kwa asilimia 15 na ngano kwa asilimia 13. Mahindi na mchele vilikuwa chini zaidi katika orodha.

Kabla ya kubadilisha chakula, mfugaji amchunguze mbwa wake kama ana viroboto, kupe au ukurutu. Katika hali ya joto na unyevu kama ya visiwa vyetu, wadudu hao ni chanzo cha kawaida cha muwasho. Tiba yake ni dawa kutoka kwa daktari wa mifugo, na mfuko wa chakula cha gharama hautausaidia ugonjwa huo.

Funzo kutoka Marekani

Julai 2018, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka, baadhi yao wakiwa wa mbari zisizojulikana kwa ugonjwa huo. Kati ya Januari 2014 na Aprili 2019, mamlaka hiyo ilipokea taarifa 515 zilizohusu mbwa 560, na kati ya hao 119 walikufa. Zaidi ya asilimia 90 ya vyakula vilivyotajwa vilikuwa visivyo na nafaka, na asilimia 93 vilikuwa na njegere au dengu, ambazo mara nyingi huwekwa ili kuziba nafasi ya nafaka.

Taarifa hizo hazikuthibitisha kwamba chakula ndicho kilichosababisha ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 mamlaka hiyo ilieleza kuwa takwimu ilizonazo hazitoshi kufikia hitimisho la aina hiyo. Kwa mfugaji wa kawaida, funzo lililobaki ni kwamba kuondoa nafaka hakukifanyi chakula kuwa bora, kwa kuwa kila kinachoondolewa huacha nafasi, na kinachoijaza nafasi hiyo ndicho kinachopaswa kuchunguzwa.

Hesabu ya chungu cha nyumbani

Hapa Unguja, chakula kisicho na nafaka hakihitaji kuagizwa kutoka mbali. Muhogo, viazi vitamu, majimbi, mbatata na shelisheli vyote si nafaka. Mfugaji anayetaka kuacha ugali anaweza kupika muhogo, lakini lazima aijue tofauti iliyopo.

Viwango vinavyotumika kutengeneza vyakula vya mbwa hutaka protini isiyopungua asilimia 18 ya uzito mkavu wa chakula kwa mbwa aliyekomaa, na asilimia 22.5 kwa mtoto wa mbwa au jike anayenyonyesha. Unga wa mahindi una protini ya takriban asilimia 8. Unga wa muhogo haufiki asilimia 2. Kwa hiyo ugali mtupu hautoi hata nusu ya protini inayotakiwa, na muhogo mtupu ni pungufu zaidi.

Mfano ni mbwa wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 15. Kwa siku anaweza kulishwa ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga, pamoja na gramu 60 za dagaa wakavu na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Ikiwa dagaa wana protini ya asilimia 55, mlo huo hukaribia asilimia 18 inayotakiwa. Mfugaji akiondoa mahindi na kuweka gramu 200 za unga wa muhogo, dagaa hawana budi kuongezwa hadi gramu 90 ili kufikia kiwango hicho. Kwa maneno mengine, anayeondoa nafaka hulazimika kuongeza kitoweo kwa nusu nzima. Asiyemudu kuongeza kitoweo ni bora abaki na mahindi au mchele.

Kiasi hicho ni cha kuanzia tu. Mbwa anayekonda aongezewe, anayenenepa apunguziwe, na watoto wa mbwa, majike wenye mimba na mbwa wagonjwa walishwe kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Muhogo umenywe, ulowekwe na upikwe mpaka uive, kwa kuwa muhogo mchungu ulio mbichi una sumu inayoweza kuua mtu na mnyama.

Hatari iliyo kubwa zaidi: sumukuvu

Nyumba nyingi zina desturi ya kuwapa wanyama mahindi au unga ulioharibika kwa kudhani kuwa tumbo la mnyama ni gumu. Dhana hiyo ni ya hatari, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini. Sumu hiyo haimalizwi kwa kupika, na kuuchekecha unga au kuupunga juani hakuiondoi.

Ukubwa wa hatari hiyo umeonekana katika ukanda wetu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko kama huo, ambapo watu 68 waliugua na 20 walipoteza maisha. Kwa upande wa mbwa, chakula cha kiwandani chenye sumukuvu kilihusishwa na vifo vya zaidi ya wanyama 110 nchini Marekani kati ya mwisho wa mwaka 2020 na Januari 2021. Chakula cha dukani, kwa hiyo, nacho si kinga kwa jina lake tu.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya chakula cha binadamu hakiruhusu sumukuvu izidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Kiasi hicho hakionekani kwa macho. Lakini mahindi yenye rangi ya kijani au kijivu, unga ulioganda mabonge, na harufu ya uvundo ni dalili za kutosha za kukataa.

Sehemu kubwa ya mahindi na unga unaotumika Unguja huvuka bahari kutoka Bara, kisha hukaa ghalani na dukani katika hewa yenye unyevu, hasa wakati wa masika na vuli. Kwa sababu hiyo mfugaji anunue kiasi cha wiki mbili au tatu, aweke gunia juu ya mbao badala ya sakafuni, alitenge na ukuta, na atumie chombo chenye mfuniko. Mfuko wa chakula cha kiwandani ukaguliwe tarehe na namba ya toleo, na ufungwe vyema kila baada ya kutumika.

Mbwa aliyekula sumukuvu huacha kula, hulegea, hutapika, huharisha wakati mwengine kwa damu, na macho au fizi zake huwa manjano. Dalili hizo zikionekana, chakula kisimamishwe mara moja, sampuli yake ihifadhiwe, na mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Familia inayotumia unga kutoka gunia hilo hilo nayo iache kuula. Mara nyengine mbwa ndiye anayekuwa wa kwanza kuonesha ubaya wa chakula kilichomo ndani ya nyumba.

Mambo mengine ya jikoni

Dagaa wengi wa Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kwa mbwa, waoshwe, walowekwe kwa muda na maji yake yamwagwe. Mabaki ya pilau, biriani na mchuzi huwa na vitunguu maji na thomu, ambavyo huharibu chembe za damu za mbwa. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Matumbo ya samaki aina ya bunju yasitupwe mahali ambapo mbwa au paka wanaweza kuyafikia, kwa kuwa sumu yake huua.

Kwa familia zinazofuata madhehebu ya Imamu Shafi, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Ni vyema basi mbwa awe na sufuria, upawa na bakuli lake, ambavyo havichanganywi na vyombo vya familia. Mafundisho hayo hayo yanahimiza huruma kwa mnyama, na kisa cha aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu watoto hukisikia tangu chuoni. Kumpa mnyama chakula kilichooza hakuendani na mafundisho hayo.

Kubadilisha mlo na kupata msaada

Mfugaji aliyeamua kubadilisha chakula afanye hivyo kwa muda wa siku 7 hadi 10, akiongeza kipya na kupunguza cha zamani kidogo kidogo. Maji safi yawepo wakati wote. Bakuli liondolewe baada ya mlo ili lisivute panya na mbwa wanaozurura mitaani.

Mwananchi mwenye mbwa anayeugua aonane na ofisa mifugo wa wilaya yake, na asiyeijua ofisi hiyo aelekezwe na sheha wa shehia yake. Anapokwenda achukue taarifa za chakula alichokuwa akimpa mbwa, mahali alipokinunua na siku aliyokifungua, na aulize pia tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mahindi na unga ulioharibika usiuzwe, usigawiwe wala usilishwe kuku, ng'ombe au mbwa. Ufungwe na upelekwe kwenye jaa lililotengwa, mbali na wanyama.