Prado si ngao mbele ya trela

Kila panapotokea ajali mbaya kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, maneno ya barazani huwa ni yale yale: "Vitz ile si gari, ni kopo. Lau wangalikuwa ndani ya Prado wangalipona." Wapo waliouza kiwanja kwa sababu ya maneno haya. Yana ukweli, ila ni nusu yake.

Magari mawili yakigongana uso kwa uso, zito hulisukuma jepesi nyuma. Chukua Vitz ya kilo 1,000 na gari la kilo 2,000, kila moja likienda kilomita 50 kwa saa. Yakishikana, yote mawili huelekea lilikokuwa likienda lile zito, kwa kama kilomita 17. Waliomo ndani ya gari zito wamepunguziwa mwendo kwa kilomita 33. Wa Vitz wamesimamishwa kisha wakarudishwa kinyumenyume, mabadiliko ya kilomita 67, kwa muda wa kupepesa jicho. Kinachoumiza mwili si mwendo wenyewe, ni mwendo kubadilika ghafla.

Wamarekani walilijaribu jambo hili mwaka 2009. Taasisi ya IIHS, ambayo hugharamiwa na kampuni za bima, iligonganisha Toyota Yaris na Toyota Camry, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Yaris ndiyo hiyo hiyo Vitz yetu, ng'ambo hubadilishwa jina tu. Ilipogongeshwa kizuizi peke yake, Yaris ilikuwa imepata alama nzuri. Ilipokutana na Camry, ikafeli. Kwa hivyo muuzaji akikusifia nyota za usalama za kigari kidogo, jua kimelinganishwa na vya kimo chake.

Basi tununue Prado? Ngoja kwanza. Barabara yetu ni ya bandari. Trela la ekseli sita huruhusiwa kisheria kuwa na tani 50 linapopita mizani ya Mariakani. Trela hilo likikutana uso kwa uso na Vitz, kila mmoja akienda kilomita 80, mwendo wa Vitz hubadilika kwa kama kilomita 157. Weka Prado ya kilo 2,200 mahali pake: ni 153. Tofauti ya kilomita nne, kwa mamilioni ya shilingi! Dereva wa trela yeye, akigongana na Vitz, hupunguziwa kilomita tatu tu.

Na hapo sijataja kugonga trela kwa nyuma. Bodi yake iko juu, hivyo boneti ya gari dogo hupita chini na kinachogonga ni kioo, mahali pa vichwa vya watu. Usiku, trela lililoharibika huachwa kando ya lami na alama yake ni matawi ya mti yaliyotupwa barabarani. Kwangu mimi hili ni kosa kubwa kuliko la mtu kununua Vitz, na askari wa trafiki hulipita kila siku.

Uzito pia hausaidii kitu mbele ya mbuyu, kwa kuwa mbuyu haurudi nyuma. Hapo hesabu ni ya mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 110, nguvu ya mgongano karibu huwa maradufu, na wenye magari makubwa ndio wanaojiona salama wakakanyaga mafuta. Kinachozuia hasa kugongana uso kwa uso ni ukuta katikati ya barabara. Ndiyo maana upanuzi wa njia zetu za Pwani tuufuatilie kwa wabunge wetu kuliko tunavyofuatilia bei za magari.

Najua atatokea wa kuniambia siku ikifika imefika. Sawa, lakini hatulali milango wazi kwa hoja hiyo. Tunapokwenda harusini Malindi, mama hukaa mbele na mtoto mapajani, bila mkanda. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama kutoka kilomita 50 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, huwa mzigo wa kama kilo 140. Hilo ni gunia moja na nusu la mahindi, na mikono ya mama haiwezi kulizuia. Kiti cha mtoto chafungwa nyuma, na chaingia kwenye Vitz vile vile kama kinavyoingia kwenye Prado.