Je, Wajua? Kamusi Iliyoanzia Kooni
Kamusi ya kwanza ya Kiarabu ilipangwa kwa kufuata mahali sauti zinapotamkiwa. Al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni wa Basra wa karne ya 8 ambaye asili yake hutajwa kuwa Oman, alitanguliza irabu fupi kabla ya kila konsonanti, akatamka ab, at, agh, huku akichunguza ni sehemu gani ya koo au kinywa inayoizuia pumzi. Alianzia kooni akaishia midomoni, na kwa kuwa aliitanguliza sauti ya ain, kamusi ikaitwa Kitab al-Ayn.

Mwanafunzi wake Sibawayhi, Mwajemi aliyeandika kitabu kikuu cha sarufi ya Kiarabu, aliendeleza uchunguzi huo kwa undani unaostaajabisha hata leo: alizigawa sauti 29 katika makharij 16, yaani mahali pa kutamkia, akatofautisha pia sauti za mnong’ono na zile za wazi. Mgawanyo wa namna hiyo ungali unafundishwa katika tajwidi, elimu ya kuisoma Kurani kwa matamshi sahihi, hata katika madrasa za Lamu na Zanzibar.