Mashine ya kukoboa mpunga: Itengenezwe au inunuliwe mpya?

Mpunga wa Kakese na Mpimbwe mkoani Katavi unapoanza kuingia mashineni, mwenye mashine iliyochoka hujiuliza: aitengeneze au anunue mpya?

Bei ya kipuri pekee haitoi jibu. Akoboe kilo 100 za mpunga mkavu, kisha apime mchele. Mashine nzuri ya rola za mpira hutoa kilo 65 hivi. Ile ya zamani ya chuma hutoa kama 55, tena wenye chenga nyingi.

Rola, chekeche na mkanda vikiisha, abadilishe. Ndiyo kawaida yake. Lakini injini ikisimama mara kwa mara wakati wa msimu, kipuri kikisubiriwa kutoka Dar es Salaam, siku hizo nazo ni gharama. Mteja hasubiri, hupeleka magunia kwa jirani. Hasara hiyo ikikaribia bei ya mashine mpya, kutengeneza si kubana matumizi tena.