Februari Ngome Kongwe: Pesa Iende Wapi?

Mara ya kwanza tulipokwenda tamasha la muziki la Sauti za Busara, marafiki watano kutoka Dar, tulijibana kwenye malazi ili tusikose pesa ya tiketi. Tukapata vyumba vitatu vya feni. Usiku wa kwanza umeme ukakatika, tukakesha tukijipepea kwa magazeti. Jioni ya pili shoga yangu mmoja aliketi chini nyuma ya umati, macho mekundu, hataki muziki wala chakula. Utepe wa kuingilia alikuwa nao mkononi, lakini nguvu za kuufaidi hakuwa nazo. Tangu siku hiyo hesabu yangu ya safari naianzia kwenye joto. Bei ninazotaja hapa ni zile tulizolipa sisi. Zenu zitatofautiana, ila njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Tamasha hili lilianza 2004 na hufanyika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, Unguja, kila Februari, isipokuwa 2016 lilipokwama kwa kukosa fedha. Februari ni kaskazi kamili, masika bado hayajaja. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na usiku ni nadra kushuka chini ya 25. Kinachochosha hasa ni unyevu: jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halimpozi mtu.

Kwenye tiketi sina mengi. Pasi ya siku zote huwa nafuu kuliko kununua siku mojamoja, na Mtanzania hulipa pungufu kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho kisibaki nyumbani. Lakini kama katika kundi lenu yupo asiyelimudu joto, mjamzito, mwenye presha au aliyetoka kuugua, msimbebeshe pasi ya siku zote kwa sababu tu ni rahisi. Siku moja aliyopumzika vizuri itamfaa kuliko tatu za kujikokota. Nyote tazameni kalenda kabla ya kulipia boti. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na ile ya 2027 inatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Februari. Mji Mkongwe wa mchana wa Ramadhani si ule wa siku nyingine: hamtakula wala kunywa hadharani, na migahawa mingi inafungwa hadi magharibi.

Malazi ndiyo penye uamuzi mzito. Vile vyumba vitatu vya feni vilitugharimu shilingi 120,000 kwa usiku. Safari iliyofuata tulikodi nyumba ndogo ndani ya Mji Mkongwe kwa shilingi 150,000, vyumba viwili na sebule, kiyoyozi kwenye chumba kimoja tu. Tofauti ni shilingi 30,000, yaani 6,000 kwa kila mtu. Ni bei ya bakuli mbili tatu za urojo.

Wengi hukitaka kiyoyozi kwa ajili ya usiku. Mimi nasema kinahitajika zaidi mchana. Feni haipozi hewa, kazi yake ni kukausha jasho, na husaidia zaidi hewa ikiwa chini sana ya joto la ngozi, ambalo ni nyuzi 35 hivi. Usiku wa nyuzi 26 feni inatosha kabisa. Shida ni saa sita hadi saa kumi, mmetoka kutembea juani na jioni mna saa nyingi za kusimama. Hapo ndipo tulipokuwa tukijifungia watano chumba kimoja, mikeka chini, tukalala. Tuliondoka pale tukiwa watu wengine. Muulizeni mwenye nyumba mambo mawili kabla ya kutoa pesa: umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, umo ndani ya kodi au mtanunua wenyewe, na ukikatika kuna jenereta? Kiyoyozi kidogo hula umeme wa feni zaidi ya kumi. Sisi swali la kwanza hatukuliuliza, na siku ya pili uniti zikaisha tukiwa usingizini.

Sehemu ya hiyo 6,000 ya ziada inarudi kwenye maji. Chupa ya lita moja na nusu kwenye duka la mtaani tuliipata kwa 1,000. Usiku, karibu na muziki, 1,000 hiyohiyo ilitununulia nusu lita. Tulipanga lita mbili kwa kila mtu kuanzia alasiri hadi kulala, jumla lita kumi: dukani ni kama 7,000, kwa wachuuzi wa usiku ni 20,000. Kwa siku tatu mnaokoa karibu 40,000. Ulizeni mapema kama chupa zinaruhusiwa mlangoni. Zikikataliwa, kunyweni za kutosha kabla ya kuingia.

Dafu ni zuri na lina potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni kidogo, na jasho linaondoka na chumvi. Juisi ya miwa ya Forodhani, yenye ndimu na tangawizi, naipenda sana, lakini ni sukari tupu. Iwe starehe, isiwe badala ya maji. Bia inakukojoza maji unayoyahitaji. Pakiti mbili za ORS, za kurudisha maji na chumvi mwilini, ni pesa ndogo kwenye duka la dawa, na zikikosekana, lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinafanya kazi hiyo. Anayepata kizunguzungu mpelekeni kivulini, mlowesheni shingo na kwapa kwa kitambaa cha maji. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, msingoje wimbo uishe, mkimbizeni hospitali.

Mahali pa kukaa ndani ya Ngome ni bure, lakini panahitaji akili. Ngome imetazama baharini, magharibi, na kuta zake ndefu zinazuia upepo. Mkiingia alasiri, kaeni upande wa ukuta wa baharini, maana kivuli kinaanzia pale. Giza likishaingia, hameni kuta zilizopigwa na jua la jioni. Mawe yale yameshiba joto na yanalitoa pole pole hadi usiku.

Mavazi msiyatafute kwenye maduka ya kitalii. Doti moja ya kanga za pamba inatosha watu wawili: kipande cha kukalia, kipande cha kujifunika au kulowesha. Kipepeo cha ukili, kile cha kupulizia mkaa, kinauzwa sokoni kwa bei ndogo sana, na tulikipokezana mstari mzima hadi kwa watu tusiowajua.

Halafu kuna safari ya kurudi kulala. Waliopanga nje ya mji kwa bei nafuu walitoka saa saba usiku, daladala hakuna, wakapatana na teksi kwa 15,000 huku sisi tukipita vichochoroni kwa miguu, dakika kumi. Tulikuta mlango wa baraza wazi na bibi wa jirani ameketi nje kwa joto. Akatuuliza taarabu imeisha saa ngapi, ingawa mwisho wa wimbo alikuwa ameusikia kutoka pale pale.